Kabla ya Mshindo

Juni, usiku wa tatu wa sakitu.
Tumevitandaza viazi uwandani, magunia kumi na moja,
kimoja kimoja, visigusane,
baridi ivipate kila upande.
Alfajiri tutavikanyaga kwa miguu mitupu
vitoe maji kama nguo inayokamuliwa.
Ndivyo tunavyokula mwaka mzima huku juu Bolivia,
ambako maji huchemka kabla hayajawa moto barabara.

Kaka yangu Casiano yuko ng'ambo ya viazi.
Tangu Pasaka hatujasemezana.
Ni habari ya jiwe la mpaka, jiwe lisilofika goti,
ambalo baba, kabla hajafa, alilisogeza
au hakulisogeza.
Mimi na blanketi langu huku, yeye na redio yake kule.
Redio inakoroma tu; saa nane za usiku hakuna kituo kinachotufikia.
Namsikia akikohoa. Nakijua kikohozi kile,
amekileta kutoka machimbo ya bati.
Sisemi pole.

Ndipo kukawa mchana.

Sikuona mbingu kwanza. Niliona viazi.
Kila kiazi kilipata kivuli
cheusi, chenye makali ya kisu,
kisha vivuli vyote, maelfu, vikageuka pamoja
taratibu, bila sauti,
mithili ya watu walioitwa na mtu wanayemwogopa.

Nikainua uso.
Kimondo kilikuwa cheupe, halafu kijani,
kijani cha shaba iliyosahauliwa mvuani,
kikimeguka, kila kipande na mkia wake,
kikishuka nyuma ya Wila Qollu.
Niliona theluji ya kilele. Niliona ufa wa ukuta wa zizi,
ule niliokuwa nikikana kwamba upo.
Niliona uso wa kaka yangu, hatua mia kutoka kwangu,
mvi za kidevuni, mdomo wazi.
Yeye hakuwa akitazama juu.
Alikuwa akinitazama mimi.

Kisha giza, zito kuliko lile la kwanza,
na kimya.

Hakuna aliyetuambia kwamba sauti huja nyuma,
kwamba nuru huruka na ngurumo hutambaa.
Tulidhani yamekwisha.
Hata redio ilikuwa imenyamaza.
Nikahesabu, sijui kwa nini, kama nihesabuvyo mayai:
thelathini, hamsini, sitini na mbili.
Nilitaka kumwuliza, "Umeona?"
Neno dogo. Mtoto humwuliza hata mgeni njiani.
Lilikuwa limeshafika kwenye meno

mbingu ikapiga.

Radi huviringika. Hii haikuviringika.
Ulikuwa mlango wa chuma
uliobamizwa na mtu anayehama nyumba kwa hasira,
tena, na tena, kifuani kabla ya masikioni.
Bati la kibanda likalia.
Lama wakabomoa zizi pale penye ufa, wote ishirini na sita,
wake wenye nyuzi nyekundu masikioni, wangu wenye za buluu,
wakapita katikati ya viazi, kundi moja,
kazi ya alfajiri wakaifanya usiku
na kuifanya ovyo.

"Eulogia! Wako wameelekea mtoni!"
"Na wako pia, zuzu wee!"

Tukakimbia. Kurunzi moja, yake; kamba moja, yangu.
Mahali fulani nilijikwaa, nikainuka.
Kulipokucha ndipo nilipoliona bonge la damu kwenye muundi
nikajua ni jiwe gani.

Tuliwapata ishirini na watano.
Baadaye walikuja vijana wa mjini na sumaku kwenye fimbo,
wakanunua kila jiwe jeusi, hata mavi makavu ya lama
yaliyofanana na jiwe jeusi. Casiano aliwauzia matatu.
Sisi tulikanyaga viazi vilivyosalia,
mabega yakigusana kwa sababu ya baridi.
Akasema baba hakulisogeza.
Nikasema alilisogeza.
Akasema hakulisogeza, akakohoa.
Nikasema pole,
lakini alilisogeza.